Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bahari: Mwamba uliofungwa na kijiji upewe nguvu ya sheria

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri za wilaya za pwani, na wakuu wa taasisi zetu za utafiti wa bahari.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mkazi wa pwani ya kusini na mmoja wa watu wanaopima pweza dikoni, yaani pale wavuvi wanaposhusha mavuno yao, na kuandika uzito wao katika daftari la kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, au BMU kama sote tulivyozoea kukiita. Vijiji vyetu vimejifunza kufunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza akue na azae. Vinafanya hivyo kwa hiari na kwa kukubali kukosa kipato kwa muda, lakini uamuzi huo hauna meno mpaka upite katika ofisi ambazo mwendo wake haulingani kabisa na maisha ya kiumbe anayelindwa. Naomba uamuzi wa kijiji uliofuata utaratibu utambuliwe kisheria ndani ya muda unaojulikana, na takwimu zinazotokana na kazi hiyo zirudi kwa watu waliozikusanya.

Ili ombi hili lieleweke, ni lazima nianze na pweza mwenyewe. Pweza mkubwa wa miambani kwetu huishi takribani mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu tu. Katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ambayo samaki wachache wanaikaribia, kiasi kwamba yule uliyemwacha shimoni akiwa mdogo, ukimkuta baada ya bamvua chache (yale maji makubwa ya kila nusu mwezi), ni mnyama mwingine kabisa mkononi na kwenye mizani. Jike hutaga msimu mmoja tu katika uhai wake. Huchagua shimo, huyatundika mayai yake kwenye dari ya shimo hilo kwa vishada, hukaa nayo akiyapulizia maji safi bila kutoka kutafuta chakula, na yanapoanguliwa naye hufa. Vitoto vyake huchukuliwa na mkondo, vikaelea kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka na kushika mwamba, na mwamba huo si lazima uwe ule wa mama yao. Miezi mitatu, ambayo kwa chewa ni kipindi kidogo mno, kwa pweza ni sehemu kubwa ya umri wake, na ndiyo maana kufunga mwamba kwa muda mfupi hivyo huleta tofauti inayoonekana kwa macho.

Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Katazo hilo ni jema na sisi tunalisimamia dikoni, lakini kila anayepima pweza anajua kuwa jike wa nusu kilo bado yuko mbali sana na kutaga. Dume hukomaa mapema, ilhali jike hukomaa akiwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa hiyo mvuvi anayeitii kanuni hiyo neno kwa neno anaweza kuwamaliza majike wa mwamba mzima kabla hata mmoja hajazaa, na asiwe amevunja sheria yoyote. Mwamba uliofungwa huziba pengo hilo kwa sababu humpa jike kile ambacho kipimo cha gramu hakiwezi kumpa, nacho ni muda.

Ufungaji huu haukubuniwa na kijiji chetu. Huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wavuvi walifunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004 wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures, na jirani zao wakaiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ulioangalia ufungaji 36 uliofanyika katika muda wa miaka minane, ulionyesha kwamba katika mwezi uliofuata kufunguliwa kwa mwamba, pweza walioletwa dikoni waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na mvuvi mmoja kwa siku alipata karibu asilimia 90 zaidi. Asilimia hizo 700 hupendwa sana na waandishi wa maandiko ya miradi, nami nazitaja kwa tahadhari, kwa kuwa zinahusu mwezi wa kufungua mwamba uliokuwa hauguswi na hazihusu mwaka mzima. Hata hivyo, ukiondoa chumvi yote, kinachobaki kinatosha kumshawishi mvuvi, na mvuvi hashawishiki kwa urahisi. Huko Pemba watu wa Kisiwa Panza walifunga miamba yao wakishirikiana na mtandao wa jamii za pwani wa Mwambao. Songosongo, kisiwa cha Kilwa, wamefunga. Jibondo, katika visiwa vya Mafia, nao wamefunga, na mfano wa Jibondo nauona wenye mafunzo kuliko yote.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyo ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, ikiwa na watu wanaoishi, kuvua na kuzikana ndani ya mipaka yake. Jibondo ni kijiji kilichokuwa na mvutano wa miaka mingi na hifadhi hiyo, kiasi cha kutajwa katika maandishi ya watafiti kama mfano wa jamii iliyokataa. Kijiji hichohicho ndicho baadaye kiliufunga mwamba wake wa pweza kwa ridhaa yake. Bahari iliyozuiwa ni ileile na watu ni walewale. Mara hii mstari waliuchora wao, siku ya kufungua ilijulikana tangu siku ya kufunga, na faida ilishuka dikoni mbele ya macho yao. Sisemi kwamba hifadhi ilikosea kuwapo, kwani bila hifadhi sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia pengine isingekuwapo leo. Ninasema kwamba mtu huweza kukataa kuzuiwa na akakubali kujizuia, na sera nzuri huanzia hapo.

Nieleze sasa tunavyofanya, maana nina shaka kwamba wengi wanaopitisha maamuzi hawajawahi kuiona kazi yenyewe. Siku ya kufungua, maji yakishatoka, watu huingia kwa ishara moja. Wanaorudi hupita mezani kwanza kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Pweza hupimwa akiwa mzima, kabla hajatolewa matumbo, kwa mizani ya kuning'iniza, na daftarini huandikwa uzito, jina la mwamba, kifaa kilichotumika, kama mvuvi alitembea kwa miguu au alizamia, na jinsia ya pweza. Jinsia hutazamwa kwenye mkono wa tatu wa upande wa kulia, ukihesabu kutoka mbele, kwani wa dume una ncha laini isiyo na vile vikombe vya kunatia, na wa jike una vikombe mpaka mwisho. Mtoto wa shule ya msingi hufundishika jambo hilo kwa asubuhi moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi daftari tunalo. Tunajua uzito wa wastani kabla ya kufunga na baada ya kufungua, tunajua mwamba gani umechoka, na tunajua ni katika bamvua ya mwezi gani majike wenye mayai huonekana kwa wingi.

Tunachokosa ni sheria. Kijiji kikikubaliana katika mkutano mkuu kufunga mwamba, muhtasari huandikwa, mwenyekiti na mtendaji huusaini, na maboya hufungwa kuonyesha mipaka. Lakini ili kuingia katika mwamba huo kuwe ni kosa lenye adhabu, inatakiwa sheria ndogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, rasimu ya sheria ndogo huandaliwa na halmashauri ya kijiji na huwa sheria baada ya kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na mwamba hufungwa kwa muda usiozidi sana robo mwaka. Rasimu ikikosa kikao kimoja kwa sababu mwanasheria wa halmashauri hajaipitia, au kwa sababu ajenda ya siku ile ilikuwa ndefu, msimu umekwisha, mwamba umeshafunguliwa au umeshaibwa, na tunaanza upya.

Nimeshuhudia vijana waliokamatwa usiku wakizamia kwa tochi ndani ya mwamba uliofungwa, wakafikishwa katika ofisi moja ya umma na walinzi wetu wa kujitolea, na kabla ya adhuhuri wakawa wameachiwa kwa maelezo kwamba muhtasari wa mkutano wa kijiji si sheria. Afisa aliyetoa maelezo hayo hakukosea kisheria. Lakini wale walinzi walikuwa wamelala chomboni wakitumia mafuta ya kuchangishana, na nilipowauliza kuhusu zamu iliyofuata hawakunijibu. Mwamba ule ulifunguliwa kabla ya muda, kwa sababu waliokuwa wakijizuia waliona wanawatunzia wezi.

Wengine hujibu kwamba tatizo letu ni wavuvi wa dago, wale wanaohama na kupiga kambi ufukoni kwa msimu, na kwamba wakifukuzwa yatakwisha. Sikubaliani nao. Dago ni desturi ya pwani hii tangu kale. Wakojani wa Pemba wanajulikana kila mahali kwa kufuata samaki wa msimu, hujenga vibanda vyao ufukoni, huoa, huacha watoto, na wengi wetu tukichunguza vizuri tutakuta babu aliyefika kwa dago. Shida ni kwamba mgeni wa dago hakuwa katika mkutano wetu, hakukubali chochote, na hakuna karatasi yenye mhuri ya kumwonyesha anapofika. Makubaliano ya hiari hufunga waliokubali tu, na kwa bahari isiyo na ukuta, hao hawatoshi. Sheria ndogo inayotambuliwa na wilaya, iliyobandikwa katika kila diko na kusomwa kwa kila kiongozi wa dago anaposajiliwa, ingemfunga mgeni na mwenyeji sawasawa bila kumvunjia yeyote heshima.

Yapo pia maeneo ya usimamizi shirikishi, ambamo vijiji kadhaa vinavyotumia miamba ileile huunganisha BMU zao na kupanga pamoja. Utaratibu huu upo katika wilaya kadhaa za pwani na ndio sahihi zaidi kwa pweza, kwa sababu, kama nilivyotangulia kueleza, vitoto vya mwamba huu hushuka katika mwamba wa jirani. Kijiji kimoja kikifunga peke yake huwanufaisha majirani ambao hawakujinyima chochote, na baada ya misimu michache wanakijiji huanza kuuliza kwa nini wao tu. Tunaomba mipango ya maeneo hayo, ambayo mingine imeandikwa vizuri sana na wataalamu wenu, isiishie kabatini. Ipewe tarehe, bajeti ya doria hata kama ni ndogo, na mtu mmoja wilayani anayewajibika kwayo kwa jina na kwa cheo.

Naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye suala la wanawake, kwa sababu naona linapitwa haraka sana katika nyaraka zote nilizosoma. Pweza wa maji yaliyotoka alikuwa ni wa wanawake. Mama huenda mwambani kwa miguu na mchokoo wake, kijiti cha kumtolea pweza shimoni, anajua shimo lipi lina mwenyewe na lipi limehamwa, na pweza wawili watatu walitosha kununua unga na daftari la mtoto. Viwanda vinavyosafirisha pweza nje ya nchi vilipoanza kununua na bei ikapanda, wanaume waliingia kwa miwani ya kuzamia na mapezi, wakifika kina ambacho mtu anayetembea hakifiki. Sasa tunapofunga mwamba, mara nyingi tunaofunga ni ule wa maji mafupi ulio karibu na kijiji, maana ndio rahisi kuulinda. Mwanamume mwenye chombo husogea mbele akavua kwingine. Mwanamke hana pa kwenda. Anayebeba gharama ya ufungaji wote ni yule asiye na ngarawa, na katika kamati nyingi yeye ndiye hayupo.

Hayupo kwa sababu ambazo zinarekebishika. Mkutano huitwa asubuhi ya bamvua, saa ambazo maji yametoka na wanawake wote wako pwani, kisha wanaume huandika kwamba kina mama hawakujitokeza. Kalenda ya maji inajulikana mwaka mzima kabla, na hakuna sababu ya mkutano wa pweza kugongana na bamvua. Naomba miongozo ya BMU iseme wazi kwamba uamuzi wa kufunga mwamba unaovuliwa kwa miguu si halali bila idadi inayoridhisha ya wanawake wanaouvua kuwapo na kupiga kura, na kwamba ramani ya ufungaji iache sehemu ya maji mafupi wazi au ifunge pia sehemu ya kina kirefu kwa muda uleule. Siku ya kufungua, zipo jamii zinazowapa wavuvi wa miguu saa za mwanzo kabla ya wazamiaji kuingia. Ni kanuni ndogo isiyogharimu chochote.

Na bei nayo ihesabiwe. Mwamba ukifunguliwa siku moja, pweza wote huja mezani siku moja, na kama mnunuzi mwenye barafu ni mmoja, yeye ndiye anayepanga bei kabla jua halijapanda. Nimeona bei ikishuka mara mbili asubuhi moja. Idara ya Uvuvi ingeweza kutangaza tarehe za kufungua kwa wanunuzi wote mapema, na kupanga zamu ili vijiji jirani visifungue siku moja, jambo ambalo lingesaidia kipato cha mvuvi kuliko semina nyingi tulizoalikwa.

Kuhusu sayansi, nina mfano ambao Serikali yenyewe inaujua. Uvuvi wa baruti umekatazwa nchini tangu mwaka 1970, na kwa zaidi ya miaka arobaini katazo hilo lilikuwa likisomwa huku milipuko ikisikika hadi majumbani. Kila aliyelalamika aliambiwa anazidisha. Mnamo Machi na Aprili 2015 watafiti walisafiri urefu wa pwani ya Tanzania wakivuta vipaza sauti chini ya maji, na katika safari ya siku 31 walinasa milipuko 318, zaidi ya nusu yake ikiwa ndani ya kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Ubishi ukapungua. Doria za pamoja za vyombo mbalimbali vya Serikali ziliimarishwa katika miaka ile, wanavijiji waliokuwa wakiogopa kutaja majina walianza kutaja, na milipuko ikapungua sana. Kabla ya hapo ushahidi, amri na wenyeji vyote vilikuwapo, lakini kila kimoja peke yake. Ushahidi ulikuwa masikioni mwa wavuvi, amri ilikuwa kwenye makabrasha, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuvikutanisha.

Hali ya takwimu za pweza leo inafanana na hiyo. Watafiti huja kwetu, wengi wao wakiwa vijana wazuri na wachapakazi, wakiwa na fremu zao za kupimia matumbawe na kamera za chini ya maji. Tunawapeleka mwambani, tunawapa nakala ya daftari, tunakula nao, wanaondoka. Kinachorudi, kama kinarudi, ni ripoti kwa lugha ambayo mtunza daftari haisomi. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar zina wataalamu ambao wangeweza kutuambia mambo ambayo hatuwezi kuyajua wenyewe, kwa mfano iwapo ni afadhali kufunga wakati wa kusi au wa kaskazi kwa mwamba wetu mahususi, au mkondo huvipeleka wapi vitoto vinavyoanguliwa hapa. Majibu hayo hayafiki kijijini kwa sababu hakuna anayelazimika kuyafikisha. Kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Naomba kibali cha kila utafiti unaotumia mwamba au daftari la kijiji kiwe na sharti la mkutano wa kurudisha matokeo, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliohusika, na muhtasari wa kurasa mbili uachwe katika ofisi ya kijiji. Mtafiti makini hatalichukia sharti hilo, kwa kuwa mkutano wa wavuvi hukosoa takwimu kwa ukali usiopungua wa maprofesa.

Sina budi kusema pia yale ambayo ufungaji wa mwamba hauwezi. Hauwezi kupoza maji. Matumbawe yetu yalipauka vibaya mwaka 1998, yakapauka tena mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walithibitisha kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe kila bahari. Tathmini iliyoongozwa na Dakta David Obura wa shirika la CORDIO lililoko Mombasa, iliyochapishwa Desemba 2021, ilieleza kwamba miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi imo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50, kwa sababu ya joto na ya uvuvi uliopitiliza. Joto hatulimudu sisi wa dikoni, na kwa haki kabisa si sisi tuliolileta, lakini uvuvi tunaumudu, na mwamba usiopondwa na makokoro una nafasi kubwa zaidi ya kupona baada ya joto kupita. Tena ufungaji wa pweza ni wa muda, na siku ya kufungua miguu mingi hukanyaga matumbawe kwa saa chache. Hauchukui nafasi ya maeneo yaliyofungwa moja kwa moja. Chumbe, kisiwa kidogo kilicho jirani na mji wa Zanzibar, mwamba wake umefungwa tangu mwaka 1994, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi. Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nijuavyo mimi, kijiji kilichoonja faida ya miezi mitatu huwa tayari kuzungumzia eneo dogo la kudumu. Kilichoanza kwa kuchorewa ramani ya kudumu hakiko tayari kuzungumza.

Hilo lina uhusiano na ahadi ya mkutano wa bioanuwai wa Montreal wa Desemba 2022, ambayo nchi yetu ni mshirika wake, ya kulinda asilimia 30 ya bahari ifikapo mwaka 2030. Nina hofu kwamba mwaka huo ukikaribia, ofisi zitatafuta asilimia kwa kalamu na ramani. Asilimia hizo zipo nyingi kwenye maji ya vijiji, zikilindwa bure na watu wanaojua kila shimo la mwamba, lakini haziwezi kuhesabiwa kwa sababu hazijatambuliwa.

Naamini hili linawezekana kwa sababu Serikali imeshafanya kubwa zaidi. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka. Haikuwa rahisi na walioumia walisema, lakini tangazo lilitolewa, tarehe zikajulikana, na doria zikaenda. Mamlaka iliyoweza kufunga ziwa la nchi nne inaweza kutambua, ndani ya siku 30 tangu muhtasari upokelewe, kwamba kijiji fulani kimefunga mwamba fulani kuanzia bamvua hii hadi ile. Sipendekezi njia ya mkato inayokwepa madiwani. Napendekeza halmashauri ipitishe mara moja sheria ndogo mama inayoruhusu ufungaji wa muda kwa masharti yaliyotajwa, kisha kila msimu kijiji kipeleke notisi tu yenye ramani, tarehe, orodha ya mahudhurio na nakala ya daftari, na afisa uvuvi wa wilaya aikubali au aikatae kwa maandishi. Akinyamaza mpaka siku 30 zipite, ihesabiwe imekubaliwa. Wizara mbili zikikaa pamoja, mfano wa sheria ndogo hiyo unaweza kuandikwa na wanasheria wenu na kutumwa kwa halmashauri zote za pwani, kila moja ikajaza miamba yake.

Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya uvuvi ya mwaka 2010 na kamati zao za wavuvi za shehia, na baadhi ya wanayoyafanya yametutangulia. Ingefaa maafisa wa pande mbili wakutane kuhusu pweza kabla ya kuandika chochote, hasa kwa kuwa dago huvuka na kurudi kati ya Bara na Visiwani kila msimu.

Kijiji chetu kinakusudia kufunga tena msimu ujao, na rasimu yetu ya sheria ndogo imeshapelekwa halmashauri. Tunaomba jibu la barua hii kwa maandishi, likipitia kwa mtendaji wa kijiji, ili lisomwe katika mkutano mkuu, ambao safari hii tumeupanga siku ya maji mafu, ambapo maji hayatoki sana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtunza daftari la pweza,
BMU ya kijiji, pwani ya kusini ya Tanzania